Naitrojeni ya uhimilishaji na swichi ya supakondakta

Wafugaji wa Tukuyu mnamjua mtaalamu wa uhimilishaji, yule anayepandikiza ng'ombe mbegu, na ule mtungi wake, akifungua kifuniko tu ukungu mweupe unamwagika unashuka mpaka miguuni, mle ndani ni naitrojeni iliyopozwa ikawa kimiminika, nyuzi joto hasi 196. Mimi nafundisha umeme hapa Mbeya na kila nikiuona ule mtungi nawaza supakondakta, maana baridi hiyohiyo inaitosha.

Supakondakta ikipoa vya kutosha inapitisha umeme bila ukinzani kabisa. Mwanafizikia Kamerlingh Onnes aliligundua hilo kule Leiden, Uholanzi, mwaka 1911 kwenye zebaki, ila ilibidi aipoze mpaka karibu hasi 269. Mwaka 1987 ndo ikapatikana YBCO, oksaidi ya itriamu, bariamu na shaba, hii inaanza kazi kwenye hasi 180 hivi.

Sasa swichi inaingiaje? Washa pasi ya wati 1,000 kwa sekunde 2 tu, halafu chukua umeme uliotumika pale uumwage wote ndani ya sehemu ya milioni ya sekunde: ni megawati 2,000, karibu sawa na Bwawa zima la Nyerere lenye megawati 2,115! Kuna mashine za eksirei na za utafiti zinataka mpigo wa namna hiyo. Nishati unaitunza kwenye koili, yaani waya uliozungushwa mizunguko mingi, kuitoa lazima ukate njia ghafla, na hapo ndo pagumu kwa sababu umeme wa koili haukubali kukatwa, mafundi wa Mwanjelwa mnazijua zile cheche plagi ya grenda ikichomoka huku inazunguka, sasa fikiria ampea maelfu, swichi ya kawaida inaliwa.

Hapo ndo YBCO inaingia kama swichi: utepe wake haufunguki popote. Ukiuzidishia umeme kupita kikomo chake, au ukiupiga joto la leza, usupakondakta unakufa palepale, ukinzani unaruka juu na umeme unakimbilia kwenye mzigo, yaani ile mashine inayotaka mpigo, hakuna chuma kinachoachana na chuma.

Shida ni kwamba tabaka la YBCO ni kama maikromita 1 tu na halifi lote kwa pamoja, kipande kikitangulia kinabeba joto lote kinaungua. Wanalifunika kwa fedha ili umeme upate pa kupita, ila fedha nayo inashusha ukinzani, basi inabidi utepe uwe mrefu zaidi. Na kila ukipiga mpigo mmoja unasubiri upoe tena.

Vijana wa umeme, kipande kidogo cha YBCO, naitrojeni kidogo na maltimita vinatosha kuona ukinzani ukidondoka kwa macho yenu, ila vaeni glavu za baridi kali na madirisha yawe wazi, ile naitrojeni ikigeuka gesi inasukuma hewa ya kupumua nje ya chumba.