Makovu ya Chunusi na Tiba ya Leza kwa Ngozi Nyeusi: Maswali na Majibu

Chunusi zimepona lakini uso umebaki na alama. Je, ninahitaji leza?

Pitisha kidole kwanza. Alama nyeusi iliyo bapa, ambayo kidole hakiihisi, si kovu bali ni rangi iliyozidi mahali ngozi ilipovimba, na mara nyingi hufifia yenyewe baada ya miezi kadhaa iwapo chunusi mpya zimedhibitiwa na uso unakingwa na jua. Kovu ni shimo au kinundu. Leza hufaa zaidi kwa mashimo mapana yasiyozama sana. Vitundu vyembamba vyenye kina kirefu, kana kwamba vilidungwa kwa sindano, huwa vigumu kuondoka kwa leza peke yake.

Leza hufanya nini hasa?

Mwanga wake hugeuka joto ndani ya ngozi. Mashine zinazotumika sana siku hizi, ziitwazo frakshonali, huunguza nukta ndogo mno zilizopangwa kwa safu na kuacha ngozi nzima katikati yake, ili uponaji uwe wa haraka. Kwa kujitibu, ngozi hujenga kolajeni mpya, yaani protini inayoipa ngozi uimara, inayonyanyua shimo taratibu kwa miezi kadhaa.

Nimeambiwa leza ni ya wazungu. Ni kweli?

Si kweli, ingawa hofu hiyo ina msingi. Melanini, yaani rangi ya ngozi yetu, hufyonza mwanga wa leza nyingi. Leza za makovu, kama vile ya kaboni dioksidi na ya erbiamu, hulenga maji yaliyomo katika ngozi, lakini joto lenyewe laweza kuchochea chembe zinazotengeneza rangi, na hapo mtu aliyekwenda kutibu mashimo hurudi na mabaka meusi yanayokaa kwa miezi. Kwa sababu hiyo daktari mzoefu hupunguza nguvu ya mashine, hutawanya nukta, huongeza idadi ya awamu, na huanza kwa kujaribu sehemu ndogo isiyoonekana sana. Muulize waziwazi ametibu watu wangapi wenye rangi kama yako. Swali hilo si utovu wa adabu.

Ikiwa umewahi kutumia mkorogo, sema. Krimu nyingi za aina hiyo zina steroidi, ambayo hufanya ngozi kuwa nyembamba na dhaifu, na kuficha jambo hilo kwa aibu kunamnyima daktari taarifa anayoihitaji kuliko zote. Mweleze pia kama hupata makovu yanayovimba, malengelenge ya mdomoni, au umetumia dawa ya chunusi iitwayo isotretinoini.

Inauma?

Hupakwa krimu ya ganzi na macho hufunikwa, lakini bado utahisi michomo, mfano wa mafuta yanayoruka kutoka kikaangoni.

Nikirudi nyumbani nifanye nini?

Uso utakuwa mwekundu au mweusi zaidi, utavimba kidogo, kisha utatoa magamba ambayo hupaswi kuyabandua. Paka mafuta ya mgando kama ulivyoelekezwa, na ngozi ikishafunga, tumia losheni ya kukinga jua yenye kipimo cha kinga (SPF) cha 30 au zaidi kila siku. Usaha, homa au maumivu yanayozidi ni sababu ya kurudi kwa daktari siku hiyohiyo.

Makovu yatakwisha kabisa?

Hapana, yatapungua kina. Anayekuahidi uso usio na alama baada ya awamu moja anauza maneno. Kabla ya kulipa, uliza gharama ya awamu zote, na uliza pia kuhusu tiba ya visindano vidogo, ambayo haitumii mwanga na mara nyingi huwa na hatari ndogo ya kuacha madoa.