Je, wajua kwa nini behewa la treni haliwezi kupanda boti ya Unguja?

Ukishuka kwenye treni ya SGR hapo Stesheni, Dar es Salaam, boti ya Unguja iko kama kilomita moja tu mbele, ukifuata Barabara ya Sokoine hadi karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Abiria aliyetoka Dodoma anateremsha mizigo, anaita bajaji, anafika gatini na kuanza foleni upya. Kwa nini asibaki kwenye kiti chake, behewa lenyewe likaingia botini? Swali hili lina msingi, maana Italia wanafanya hivyo. Treni ya kutoka Roma kwenda Sicilia ikifika Villa San Giovanni, mabehewa husukumwa ndani ya meli, huvushwa hadi Messina, kisha huendelea na reli ng'ambo.

Kikwazo cha kwanza ni maji. Simama Magogoni utazame pantoni la Kigamboni likitia nanga. Mlango wake wa chuma unashushwa juu ya mteremko wa zege, magari yanateremka. Maji yakipwa, mlango unalala chini zaidi, na gari lenye tumbo la chini hukwaruza pale chuma kinapokutana na zege. Hukwaruza, lakini hupita. Behewa halipiti. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halina mshiko wa tairi, na behewa lina urefu wa mita 20 na zaidi, halipindi. Pembe ikiwa kali, vyuma vinavyounganisha behewa na behewa hupishana juu na chini, huachana au huvunjika.

Ndiyo maana meli ya treni huhitaji daraja refu lenye bawaba upande wa nchi kavu. Hesabu yake ni rahisi. Bamvua la Dar es Salaam, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa zaidi, hupandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita 3. Tuseme daraja linaruhusiwa kupanda au kushuka mita 4 kwa kila mita 100 za urefu, na limewekwa katikati ya kujaa na kupwa. Litahitaji karibu mita 38 ili kumudu mita 1.5 juu na mita 1.5 chini, na hapo hujahesabu jinsi meli inavyozama kidogo kila behewa linapoingia. Siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo, kazi ni nyepesi, ila ratiba ya treni haiwezi kufuata mwezi.

Messina wana bahati: maji ya kule hupanda na kushuka kidogo sana. Dover, Uingereza, hali ni mbaya kuliko yetu, bamvua lake hufika karibu mita 6. Treni ya usiku ya London hadi Paris iliyovuka bahari na mabehewa yake ya kulala, kuanzia 1936 hadi 1980, ilijengewa pale bwawa lenye malango. Meli iliingia, malango yakafungwa nyuma yake, pampu zikapandisha au kushusha maji hadi reli ya meli ikalingana na ya nchi kavu. Ni kazi kubwa na ya gharama kwa treni moja ya usiku.

Kikwazo cha pili ni uzito, na hapa ndipo ajali hunyemelea. Treni ni ndefu kuliko meli, hivyo hukatwa vipande na kupangwa kwenye njia kadhaa za reli zilizolala sambamba ndani ya meli. Behewa moja la abiria lina tani 40 hivi. Ukiingiza matano ubavu mmoja umeweka tani 200 upande huo, na meli inaanza kulala. Reli ya meli ikiinama huku ya daraja ikibaki sawa, gurudumu hupanda juu ya reli na behewa huanguka. Kwa hiyo matangi ya maji yaliyo ubavuni hufanya kazi wakati wote wa kupakia: pampu huhamisha maji kwenda upande wa pili kadiri mabehewa yanavyoingia, na mpakiaji huanza na njia za kati. Kichwa kinachosukuma hakisogei hadi darajani kwa sababu ya uzito wake. Kati yake na mabehewa yanayopakiwa huwekwa mabehewa matupu ya kurefusha mkono. Mwisho breki hufungwa, magurudumu huwekewa kabari, na fremu ya behewa hukazwa sakafuni kwa minyororo. Mnyororo ukilegea baharini, behewa huanza kucheza juu ya springi zake na kukata mingine.

Boti za Unguja hazikuumbwa kwa mzigo huo. Nyingi ni nyepesi, za aluminiamu, na mwendo wake wa kasi unatokana na wepesi huo. Halafu behewa likifika bandari ya Malindi, Unguja, litapita wapi? Reli ya mjini hadi Bububu iliacha kubeba abiria mwaka 1922.

Kwetu kinyume chake ndicho kilichotokea: meli ndiyo iliyopanda treni. Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikashushwa Dar es Salaam ndani ya maelfu ya masanduku na kupelekwa Kigoma kwa reli, ikateremshwa ziwani mwaka 1915.

Kwa anayeunganisha safari leo, tatizo lililobaki ni saa. Zamani Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilimiliki treni na meli za maziwani pamoja, hivyo amri ya kusubiri ilitoka ofisi moja. Treni na boti za Dar es Salaam zina wenyewe tofauti. Treni nayo haiwezi kungoja boti iliyochelewa, kwa kuwa reli ni ya njia moja na kuna nyingine inakuja kupishana nayo. Basi usikate tiketi ya boti inayoondoka saa ileile treni yako inapoingia. Acha angalau saa mbili, na kama treni yako inaingia jioni, chukua boti ya asubuhi.