Vidole Vilivyoanzia Majini

Wanafunzi wangu wa anatomia linganishi wanapoonyeshwa mchoro wa samaki anayejikokota kuelekea nchi kavu, karibu wote huuliza ni kitu gani kilichomfanya aote miguu. Swali hilo linachukulia kwamba safari ya nchi kavu ilitangulia na mguu ukafuata, ilhali visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, vinatuonyesha kwamba sehemu kubwa ya mkono ilikwisha kuumbika ndani ya pezi, majini, kabla ya mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo kuishi juu ya udongo.

Mkono wetu una mfupa mmoja kutoka begani hadi kiwikoni, miwili kutoka kiwikoni hadi kwenye kifundo, kisha vijifupa vya kifundo na hatimaye vidole. Mpangilio huohuo umo katika bawa la popo, kikono cha nyangumi na mguu wa chura. Mwanaanatomia Mwingereza Richard Owen aliueleza kwa kina mwaka 1849, ingawa yeye aliuona kuwa kielelezo cha kimawazo, si urithi kutoka kwa babu mmoja. Leo tunajua kwamba Eusthenopteron, samaki wa kale mwenye mapezi ya nyama ambaye visukuku vyake vimepatikana kwa wingi huko Quebec, Kanada, alikuwa tayari na ule mfupa mmoja ukifuatwa na miwili. Jamaa wa kundi hilo la samaki wangali hai: silikanti na kamongo. Kamongo, kwa nasaba, yuko karibu zaidi nasi kuliko alivyo karibu na jodari, jambo ambalo wanafunzi hukataa kuliamini mpaka wauone mti wa ukoo.

Fumbo lililosalia lilikuwa vidole. Mwaka 2004 mtaalamu wa visukuku Neil Shubin na wenzake walimfukua Tiktaalik, samaki mwingine wa kale mwenye mapezi ya nyama, katika kisiwa cha Ellesmere, kaskazini mwa Kanada, kwenye miamba ya miaka takriban milioni 375. Pezi lake lilikuwa na viungo vya bega, kiwiko na kifundo vilivyoweza kuinua kifua, lakini ncha yake ilikuwa bado na vijiti vyembamba kama vya samaki mwingine yeyote. Shingo yake nayo ilikuwa huru, kwa kuwa mifupa inayofunga fuvu na bega la samaki ilikuwa imetoweka. Kisha, mwaka 2020, uchunguzi wa eksirei wa kisukuku kizima cha Elpistostege, jamaa wa karibu wa Tiktaalik kutoka Quebec, ulidhihirisha vijifupa vilivyopangika kama vya vidole, vikiwa vimefichika ndani ya pezi lililokuwa bado na vijiti vyake. Kwa maoni yangu, hakuna kisukuku kinacholijibu swali la wanafunzi wangu vizuri zaidi kuliko hicho.

Acanthostega wa Greenland, mnyama wa kale mwenye miguu minne aliyeishi miaka milioni 365 hivi iliyopita, alikuwa na vidole vinane katika kila mkono, lakini alikuwa pia na matamvua ya ndani na mkia wa kuogelea, na kifundo chake hakikufaa kubeba uzito wa mwili. Mguu wake ulikuwa chombo cha majini. Idadi ya vidole vitano, ambayo tumezoea kuiona kama kanuni, ilikuja baadaye.

Wanajenetiki walifika kwenye jambo hilohilo kwa njia nyingine. Panya anapoondolewa jeni za Hoxa13 na Hoxd13, ambazo huongoza uumbaji wa ncha ya mkono, akiwa kiinitete, hupoteza kiganja na vidole. Mwaka 2016 maabara ya Shubin ilizima jeni za kundi hilo katika samaki mdogo wa maabara mwenye milia: vijiti vya pezi vikapungua mno, na vijifupa vya ndani ya pezi vikaongezeka. Hii haina maana kwamba kijiti cha pezi kiligeuka kuwa kidole, kwani mifupa hiyo miwili hujengwa kwa njia tofauti. Maana yake ni kwamba seli za ncha ya pezi na za ncha ya mkono huongozwa na jeni zilezile, na kwamba badiliko dogo katika matumizi ya jeni hizo laweza kupunguza aina moja ya mfupa na kuongeza nyingine.

Tabia hiyo ya mageuzi ya kutumia upya kilichopo haikuishia kwenye mapezi. Ndani ya sikio letu kuna mfupa mdogo uitwao kikuku, unaopeleka mtetemo wa sauti kwenye sikio la ndani. Katika samaki, mfupa unaolingana nao huegemeza taya kwenye fuvu na husaidia katika upumuaji wa matamvua. Acanthostega alikuwa na kikuku, lakini kilikuwa kifupi na kinene, bado kikiwa nguzo ya fuvu, kwa hiyo mnyama huyo aliyekuwa na vidole kumi na sita mikononi hakuwa bado na sikio la kusikia sauti nyembamba za hewani.