Afya kwa wote, na hilo neno "bure"

Ukipendekezwa mpango wowote wa huduma ya afya kwa wote, haipiti muda kabla mtu hajauliza: "Kwa hiyo mnataka matibabu ya bure?" Anayepinga huuliza kwa kejeli, anayeunga mkono huitikia kwa shangwe, na wote wawili wanabishania kitu ambacho hakimo kwenye mpango.

Maana yenyewe ni fupi. Kila mtu apate huduma ya afya anayoihitaji, yenye ubora, kwa wakati, bila gharama yake kumtumbukiza kwenye umaskini. Huduma ni pamoja na chanjo, uzazi na utengamao (kumrudishia mtu uwezo wake baada ya ugonjwa au ajali), si dawa na upasuaji peke yake. Lengo namba 3.8 la Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, yaliyopitishwa mwaka 2015, linadai hivyo hivyo.

Hamna "bure" hapo. Linalokataliwa ni ugonjwa kumfilisi mtu, na jambo hilo hupimika: mwanzoni lengo hilo liliangalia ni kaya ngapi zinatumia kwenye matibabu zaidi ya 10% ya matumizi au kipato chao, na ngapi zinavuka 25%.

Huduma hulipiwa siku zote, maana muuguzi ana mshahara na glavu zinanunuliwa. Tofauti ni unalipa lini na kwa kipimo gani. Kulipa papo kwa papo kunamdai mtu fedha siku ileile ambayo kazi imemshinda, na kunamdai kwa ukubwa wa ugonjwa wake. Kulipa kabla, kwa kodi au kwa mchango wa bima, kunamdai angali mzima, na ukipangwa vizuri unafuata uwezo wake. Mzima anambeba mgonjwa, mwenye nacho anambeba asiye nacho. Wapinzani wakitaka kubishana, wabishane hapo. Pana hoja za kweli.

Wazo lenyewe si geni. Ujerumani chini ya kansela wake, Bismarck, ilitunga sheria ya bima ya ugonjwa mwaka 1883: mfanyakazi alichangia theluthi mbili, mwajiri theluthi moja, na wasio wafanyakazi wa viwandani wengi walibaki nje. Uingereza ilianza mfumo wake wa afya mwaka 1948 kwa fedha za kodi. Miaka mitatu baadaye serikali ikaamua kutoza malipo kwa miwani na meno ya bandia, na Aneurin Bevan, aliyeuasisi mfumo ule akiwa waziri wa afya, akajiuzulu uwaziri kwa hasira. Mfumo haukufa. Japani imekuwa na bima kwa kila mkazi tangu 1961, na mgonjwa wa kawaida bado analipa 30% ya bili, ila kuna ukomo kwa mwezi. Thailand ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilitoza baht 30 kwa kila ziara, mpaka watu wakauita mpango kwa bei hiyo.

Kosa la pili halipigiwi kelele, lakini mimi naliona baya zaidi: kuhesabu kadi za bima na kusema tumefika. Mgonjwa anafika dirisha la dawa, kadi yake inasomeka vizuri kwenye mashine, kisha anarudishiwa cheti na kuambiwa dawa ya pili na ya tatu akanunue nje. Kwenye takwimu za bima huyo amefikiwa. Mfukoni mwake amelipa papo kwa papo kama jana.

Anayesema "bure" tusimcheke sana. Mipango mingi huwaondolea malipo wajawazito, watoto wadogo na kaya zisizo na kitu, na kwao neno hilo linakaribia ukweli. Ila akisema "bila malipo dirishani" atakuwa amesema sawasawa, na swali litakalofuata, la nani alishachangia na kiasi gani, litakuwa na pa kuanzia.