Je, wajua kwa nini mtu anaweza kulipishwa fidia hata kama hakufanya uzembe wowote?

Mwaka 1860 tajiri mmoja wa nguo, John Rylands, alitaka maji ya kutosha kwa kiwanda chake huko Lancashire, Uingereza. Akaajiri mhandisi na wakandarasi wamchimbie bwawa. Wakati wa kuchimba, mafundi walikutana na mashimo ya zamani yaliyojaa udongo. Yalikuwa mabaki ya machimbo ya makaa ya mawe yaliyoachwa miaka mingi nyuma, nao hawakuyaziba ipasavyo. Desemba mwaka huohuo, bwawa likiwa halijajaa hata, sakafu yake ilitoboka. Maji yakaporomoka ndani ya mashimo yale, yakafuata njia za chini kwa chini na kutokea kwenye mgodi wa Thomas Fletcher, jirani aliyekuwa akichimba makaa. Hasara ilikadiriwa kuwa pauni 937.

Rylands hakuwa na habari kwamba chini ya bwawa lake kulikuwa na mashimo. Msuluhishi aliyechunguza shauri alikubali kwamba yeye mwenyewe hakuzembea. Waliozembea ni wataalamu aliowalipa, nao walikuwa wakandarasi wanaojitegemea, na kwa kawaida sheria haimbebeshi mtu makosa ya mkandarasi wa namna hiyo. Sasa Fletcher adai nini, na kwa nani?

Swali hilo liliwatoa jasho mawakili. Sheria ya madhara, yaani ile inayoshughulikia fidia kati ya mtu na mtu pasipo mkataba, ilikuwa na milango kadhaa na yote ilionekana kufungwa. Uzembe haukuwapo. Kuingilia ardhi ya mtu kulihitaji tendo la moja kwa moja, na maji haya yalizunguka yenyewe gizani. Kero kwa jirani ilifahamika kuwa jambo la kuendelea, kama moshi au harufu ya kila siku, wala si ajali ya siku moja. Mwaka 1865 mahakama ya kwanza iliamua kwa wingi wa kura kwamba Fletcher hana chake. Jaji mmoja tu, Bramwell, alikataa. Kwake ilitosha kwamba jirani ana haki ya kutomwagiwa maji, awe aliyeyamwaga alijua au hakujua.

Mwaka uliofuata rufaa ilifika mbele ya majaji wengine, na Jaji Colin Blackburn akasoma uamuzi uliogeuza mambo. Alisema hivi kwa ufupi: mtu anayeleta kwenye ardhi yake, kwa manufaa yake, kitu kinachoelekea kudhuru kikiponyoka, na akakiweka hapo, anakiweka kwa hatari yake mwenyewe. Kikivuka mpaka, atawajibika kwa madhara yote yanayofuata kwa kawaida. Hapana haja ya kuthibitisha kwamba alizembea.

Kinachovutia ni jinsi Blackburn alivyofika hapo. Hakudai kwamba anatunga kanuni mpya. Alikusanya mifano ambayo sheria ilikuwa imeizoea: ng'ombe wanaotoroka na kula nafaka ya jirani, uchafu wa choo unaopenya hadi ghala la chini la mwenzako, mvuke mchafu wa kiwanda cha alkali unaofanya nyumba ya mtu isikalike. Akauliza, maji ya bwawa yana tofauti gani na hivyo vyote? Katika kila mfano kuna mtu aliyechagua kuleta kitu mahali ambapo hakikuwapo, na jirani ambaye hakuulizwa. Manufaa ni ya mmoja, hatari ni ya wawili. Mimi naona hapo ndipo penye nguvu ya hoja yote. Kanuni hii haimwadhibu mtu kwa ubaya wake. Inauliza tu ni nani anayestahili kubeba hasara ya shughuli aliyoianzisha mmoja kwa faida yake.

Haya pia hayakusemwa hewani. Mabwawa yaliyopasuka yalikuwa jinamizi la zama zile. Mwaka 1852 bwawa la Bilberry lilibomoka na kuua watu 81 karibu na mji wa Holmfirth. Machi 1864, Rylands na Fletcher wakiwa bado kortini, bwawa la Dale Dyke lilipasuka juu ya mji wa Sheffield na kuua zaidi ya watu 240. Mgodi wa Fletcher haukumuua mtu, lakini kila jaji aliyesikiliza shauri lake alijua maji yaliyokusanywa mahali pamoja yanaweza kufanya nini.

Mwaka 1868 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa, likamthibitishia Fletcher ushindi wake. (Wapenda historia ya sheria bado wanataniana kuhusu siku hiyo: akidi ilikuwa malodi watatu, ila kumbukumbu zinaonyesha hotuba za wawili tu, Cairns na Cranworth.) Lodi Cairns aliongeza sharti dogo lililokuja kuwa kubwa: kitu kiwe kimeletwa kwa matumizi ya ardhi yasiyo ya asili. Maji ya mvua yanayotiririka yenyewe kuelekea bondeni si ya mtu. Maji uliyoyakusanya ni yako.

Kuanzia hapo mahakama zilitumia zaidi ya karne nzima kupima mipaka ya kanuni hii, na baadhi ya mashauri yanachekesha. Chukua mti wa myuu, ambao majani yake ni sumu kwa mifugo. Mwaka 1878 bodi ya makaburi ilipanda myuu karibu na ua wake, matawi yakakua hadi kuning'inia upande wa pili, farasi wa jirani akala akafa. Bodi ililipa. Mwaka 1894 farasi mwingine alikufa kwa majani hayohayo, lakini huyu alinyoosha shingo kuvuka mpaka akayafuata. Mwenye mti hakulipa hata senti. Farasi ndiye aliyevuka, majani hayakwenda popote.

Sharti hilo la kuvuka mpaka halikuwa la mchezo lilipomfikia binadamu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanamke mmoja aliyekuwa mkaguzi katika kiwanda cha silaha alijeruhiwa baada ya kombora kulipuka humohumo ndani. Hakuna mtu anayeweza kubisha kwamba makombora ni kitu cha hatari. Hata hivyo mwaka 1946 Baraza la Malodi lilimkatalia madai, kwa kuwa mlipuko haukutoka nje ya eneo la kiwanda. Angekuwa anapita barabarani, pengine hadithi ingekuwa nyingine. Sheria ilimlinda jirani, si aliyemo ndani. Kusema kweli, ni vigumu kumweleza mtu wa kawaida kwa nini hatua chache za ardhi ziwe na uzito kiasi hicho.

Mwenye kitu naye ana njia za kujitetea: kwamba aliyeumia alikubali hatari ile au aliisababisha mwenyewe, kwamba sheria ya bunge iliruhusu shughuli hiyo, kwamba mgeni asiyehusika ndiye aliyeharibu, au kwamba ilikuwa kudra ya Mungu. Utetezi huu wa mwisho ulifaulu mwaka 1876, pale mvua isiyowahi kuonekana ilipobomoa vidimbwi vya bustani na maji yakazoa madaraja ya umma. Majaji wa baadaye hawakuupenda uamuzi huo, na leo ni nadra mtu kusikilizwa akiisingizia mvua kubwa.

Pigo zito zaidi lilikuja mwaka 1993. Kiwanda cha ngozi karibu na Cambridge kilikuwa kikimwaga sakafuni, kidogo kidogo kwa miaka mingi, kemikali ya kuondolea mafuta. Ilipenya zege, ikashuka hadi kwenye maji ya ardhini na kusafiri takriban kilomita mbili mpaka kwenye kisima cha kampuni ya maji, nacho kikabidi kufungwa. Malodi walikiri kwamba kuhifadhi kemikali kwa wingi namna hiyo ndiyo hasa aina ya matumizi ambayo kanuni ililenga. Kisha wakaongeza sharti: mdaiwa awe aliweza kuona mbele kwamba madhara ya aina hiyo yangeweza kutokea. Wakati kemikali ikimwagika, hakuna aliyedhani ingeharibu maji mbali kiasi kile. Kampuni ya maji ikashindwa. Si uzembe bado, maana hata ukichukua tahadhari zote unaweza kuwajibika, ila umbali kati ya mambo haya mawili ulipungua sana.

Mwaka 2003 ukapungua tena. Bomba la halmashauri lililopeleka maji kwenye ghorofa la makazi lilipasuka, tuta la reli ya zamani likamomonyoka, bomba la gesi likabaki likining'inia. Kampuni ya gesi ilitumia takriban pauni 94,000 kurekebisha na haikurudishiwa chochote, kwa sababu bomba la maji kwenye jengo la makazi ni jambo la kawaida. Katika shauri hilo Lodi Hoffmann aligusia kwamba mawakili hawakuweza kumpata hata mdai mmoja aliyeshinda kwa kanuni hii tangu Vita Kuu ya Pili.

Nchi nyingine zilizoirithi sheria ya Uingereza hazikukubaliana juu ya la kufanya. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ya Australia iliifuta kanuni na kuiingiza ndani ya sheria ya uzembe. Scotland, iliyo na mfumo wake wa sheria, ilishasema kanuni hiyo haikuwa na nafasi huko tangu awali.

India ikaelekea upande wa pili kabisa. Desemba 1985, mwaka mmoja tu baada ya gesi ya sumu ya kiwanda kuua maelfu ya watu katika mji wa Bhopal, gesi ya oleamu (aina ya asidi kali) ilivuja kutoka kiwanda kimoja mjini Delhi. Jaji Mkuu Bhagwati na wenzake walisema kanuni ya karne ya 19, pamoja na utetezi wake wote, haiwezi kutosha kwa viwanda vya leo. Kampuni inayoendesha shughuli ya hatari itawajibika kikamilifu, bila kudra ya Mungu, bila mgeni aliyeharibu, na bila kujali kama aliyeumia alikuwa ndani au nje ya ukuta. Wakaongeza jambo ambalo Blackburn hakulitaja kabisa: kadiri kampuni inavyokuwa kubwa na tajiri, ndivyo fidia inavyopaswa kuwa kubwa.