Gesi tarishi na kondo la nyuma linapoanza kujengwa

Gesi tarishi ni gesi ambazo mwili wenyewe huzitengeneza, kwa kiasi kidogo mno, ili seli ipeleke habari kwa seli jirani. Zinazojulikana zaidi ni tatu: nitriki oksidi, kaboni monoksidi na haidrojeni salfaidi. Ukishtuka kusikia majina hayo, una haki. Ya pili huua watu wanaolala na mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa, na ya tatu ni sumu inayonuka kama yai viza. Tofauti iko kwenye kipimo tu.

Tarishi huyu hasubiri kufunguliwa mlango. Homoni nyingi huhitaji kipokezi juu ya seli, lakini gesi hupenya utando moja kwa moja. Nitriki oksidi huishi sekunde chache tu, basi habari yake haifiki mbali: inasomwa papo hapo.

Ili uone gesi hizi zinahusiana vipi na kondo la nyuma, sasa tazama ateri moja ndogo katika ukuta wa mji wa mimba, iliyojisokota kama skrubu. Mwanzoni ni nyembamba, na misuli laini inayoizunguka inaweza kuibana wakati wowote. Seli za kondo, ziitwazo trofoblasti, huifuata, huingia ndani yake na kuchukua nafasi ya misuli hiyo, hadi mdomo wa mshipa unapanuka kama faneli na hauwezi tena kujibana. Kwa muda, seli hizo hizo huuziba mshipa, na kiinitete hukua kwenye oksijeni haba. Vizibo huachia kati ya wiki ya 10 na ya 12, na hapo damu ya mama huanza kumiminika kwa wingi kuzunguka kondo. Kwangu mimi, hakuna kazi ya ujenzi mwilini inayoshangaza kuliko hii.

Nitriki oksidi, itokanayo na asidi amino ya ajinini, hulegeza misuli ya mishipa. Waliogundua kazi yake hiyo ya utarishi, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kaboni monoksidi hutoka pale hemu, sehemu yenye chuma katika himoglobini, inapovunjwa. Nayo hulegeza mishipa. Haidrojeni salfaidi huilegeza misuli hiyo kwa kufungua njia zinazopitisha potasiamu, na huchochea mishipa mipya kuchipua.

Trofoblasti zisipopenya vya kutosha, ateri hubaki nyembamba. Kondo lenye kiu ya oksijeni humwaga kwenye damu ya mama protini iitwayo sFlt-1, ambayo hunasa VEGF, kichocheo kinachoiambia mishipa itengeneze nitriki oksidi. Mishipa ya mwili mzima hukakamaa, shinikizo la damu hupanda, figo huumia. Hiyo ndiyo priklampsia, hali inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Hubainika baada ya wiki ya 20, ilhali mara nyingi hitilafu ilianza miezi kadhaa nyuma, kwenye ile ateri moja ndogo.