Klabu ya uwekezaji chuoni si upatu

Wanachuo wengi hapa Dodoma huamini kwamba ukijiunga na klabu ya uwekezaji, mchango wako utarudi na faida mwisho wa muhula. Imani hiyo inaeleweka. Michezo ya kupeana hela tumeikuta nyumbani.

Klabu haigawi zamu. Wanachama huchanga, hujadili, hupiga kura, kisha hununua hisa, vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, au hati fungani, yaani kuikopesha serikali au kampuni kwa riba. Tuseme watu 40 wametoa shilingi 5,000 kila mmoja: ni 200,000. Bei ikishuka, mfuko ukabaki na thamani ya 190,000, fungu lako ni 4,750, na hakuna aliyeiba.

Kabla ya kutoa hela ya bumu, yaani ya mkopo wa masomo, omba katiba na taarifa ya benki, uone watia saini ni wangapi. Anayekuahidi faida isiyoshuka, muulize inatoka wapi.